Sindano iliyolala na kuku

Saa moja asubuhi mjini Voi, na jua tayari linachoma shingo. Ndani ya ofisi ya vifurushi iliyo karibu na kituo cha mabasi, Tryphena Mwandawiro ameweka mkono juu ya kisanduku cheupe cha kuhifadhi baridi, na hataki kutia sahihi.

"Kwawuka mana, Dok," anamwamkua karani wa ofisi hiyo, Alexander, mwanamume mchangamfu ambaye salamu ya Kidawida, lugha ya Wataita, haimkauki mdomoni. Anamsogezea kalamu. "Weka saini, watu wamepanga laini."

"Wacha wapange. Nafungua kwanza."

"Hapa hapa? Si ufungulie dukani kwako?"

"Hapa hapa."

Anakifungua. Ndani mna sindano mbili ndogo za dozi moja, zilizojazwa dawa tangu kiwandani, na kando yake kipimajoto chembamba kinachokumbuka baridi na joto lote kilichopitia safarini. Tryphena anakiinua, anakisoma, anakisoma tena. Kisha anamtazama Alexander kwa macho yanayomfanya hata mteja aliye nyuma yake asogee kando.

"Hii imelala wapi?"

Alexander anatabasamu kama mtu anayengoja kuambiwa asante. "Nilikusaidia bana. Ilishuka jana jioni badala ya leo. Nikakupigia, simu haipatikani. Nikaangalia humu ndani ni tanuri tupu, na hapo juu imeandikwa iwekwe baridi. Nikampelekea Mumbe, yule muuza kuku, kwa friza yake. Imelala na kuku vizuri, haijaona joto hata kidogo."

"Imeganda, Alexander."

"Si itayeyuka?"

"Itayeyuka. Lakini haitafanya kazi tena."

Mzee mmoja kwenye foleni anaangua kicheko. "Daktari, hata kuku wa Mumbe huyeyuka na tunamla."

Tryphena hacheki. Anaweka kipimajoto mezani taratibu, kama anaogopa kwamba akikiweka kwa nguvu atavunja na meza.

"Maziwa yakikatika, baba," anamwambia mzee, "utayapasha moto mpaka lini ndiyo yarudi?"

Mzee anarudi mahali pake kwenye foleni.

Tryphena ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa Chawia, juu milimani, kwa wazazi wakulima, na leo ni mfamasia mwenye duka lake la dawa mjini Voi. Watu wanamwita daktari, kama wanavyomwita kila aliye nyuma ya kaunta ya dawa. Yeye huwasahihisha mara ya kwanza, halafu huacha.

Wateja wake wengi huja kununua dawa ya kichwa, ya tumbo, ya mtoto anayeharisha. Lakini kuna kundi lingine ambalo mtu asiyekaa dukani hapo hawezi kulijua. Ni watu wa mwasho usioisha. Ngozi huvimba mabaka, kama mtu aliyechapwa kiboko. Asubuhi yako mgongoni, mchana mapajani, jioni mdomo umefura kama wa aliyeumwa na nyuki. Kesho yamezama yote, na ukifika hospitali huna cha kuonyesha.

Kwa wengine hupita baada ya siku chache. Kwa hawa haipiti. Hukaa miezi, hukaa miaka.

Sindano iliyogandia kwa Mumbe ilikuwa ya mmoja wao. Anaitwa Kavetsa, mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Vihiga, ambaye huanika nyuzi katika shamba moja la mkonge nje kidogo ya mji. Alipaswa kudungwa saa nne asubuhi hiyo.

Kavetsa amekubali habari zake ziandikwe. "Andika yote," alisema. "Aibu imeniisha."

Ugonjwa ulimjia miaka mitano iliyopita. Na ulipokuja, kila mtu alikuja na jibu lake.

"Nyapara alisema ni vumbi la mkonge, akanitoa kwa nyuzi akaniweka kufagia, na mshahara ukapungua," anasimulia. "Jirani akasema ni samaki. Nikaacha samaki. Shangazi akapiga simu kutoka nyumbani, akasema ni mayai. Nikaacha mayai. Mwingine akasema nyanya, mwingine njugu, mwingine maharagwe. Nilibaki na ugali na sukuma wiki. Na mdomo bado ukavimba!"

Vyakula vilipokwisha, watu wakaanza kutafuta mtu.

Jirani mwingine, mama wa Kidawida anayeitwa Ndila, aliieleza familia desturi ya wazee wa milimani. Ugonjwa usiosikia dawa, wazee walisema, huenda nyuma yake kuna jamaa aliyeweka hasira moyoni. Basi hutafutwa, wanakaa pamoja, anatia kinywaji mdomoni na kukitema kwa maneno ya dua, na ile hasira inatoka. Desturi hiyo huitwa kutasa.

Familia ya Kavetsa, watu wa kutoka magharibi wasioijua Taita, waliikamata nusu ya desturi hiyo. Walitafuta mwenye hasira. Wakampata Selpha, wifi yake Kavetsa, aliyekuwa akikaa nao na ambaye waliwahi kugombana juu ya jiko. Hawakuketi naye. Walimfukuza, akaondoka na begi lake mchana watu wakitazama.

Ndila mpaka leo anashika kichwa. "Mimi niliwaambia wamtafute waketi naye wapatane. Kutasa ni kupatana! Wao wakasikia kutafuta tu, kupatana hawakusikia."

Mabaka hayakwenda na Selpha. Yalibaki.

"Siku ile hakuwa na hasira," Kavetsa anasema, akitazama chini. "Sasa anayo. Nikimpigia hashiki."

Tryphena akisikia kisa hiki, na amekisikia mara nyingi, mishipa humtoka shingoni.

"Ugonjwa huu hauna mtu!" anasema. "Hauna vumbi, hauna yai, hauna wifi. Kwa wengi wa hawa wa miaka na miaka, ni askari wa mwili wenyewe wamegeuka wanapiga kengele bila mwizi. Lakini mtu hawezi kuwashwa bure, sivyo? Lazima tumpate wa kulaumiwa. Na tukimtafuta huyo asiyekuwepo, yule mwenye kosa la kweli amekaa hapo getini anakula pesa zetu."

Huyo wa getini watu wa kambi ya wafanyakazi wa shamba wanamjua vizuri, na wanampenda. Anaitwa Festus. Ana kibanda kando ya geti la shamba, anauza kadi za simu, betri, sabuni na sindano. Ni mtu wa maneno matamu, anaimba kwaya, anakopesha hadi mwisho wa mwezi. Hakusomea dawa popote. Sindano yake watu wanaiita ya usingizi, kwa sababu mwenye mwasho akidungwa leo, leo hii analala.

Kavetsa alidungwa kwake miaka mitatu. Mwanzo, mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Mwishoni, kila wiki mbili.

"Nilikuwa nikilala, sitadanganya," anasema. "Ukikaa usiku na usiku unajikuna kwa kitana mpaka damu, mtu akikupa usingizi utamwita malaika."

Lakini malaika huyo alikuwa na malipo mengine. Uso wa Kavetsa ulianza kuwa wa mviringo, mashavu yakajaa hadi macho yakaingia ndani. Miguu ikakonda. Kambini wakamwambia amenona, ameanza kupona. Yeye mwenyewe alianza kuchoka akipanda ngazi tatu za kanisa.

Siku aliyoingia dukani kwa Tryphena alitaka mafuta ya kupaka tu. Tryphena alimtazama uso, akaweka chupa ya mafuta chini.

"Mama, nani anakudunga?"

"Sidungwi na mtu."

"Mama Daisy," alimwambia, kwa jina la binti aliyekuwa ameandamana naye, "huu uso sio wa chakula. Niletee hiyo chupa."

Kavetsa alirudi siku nyingine na chupa aliyoiokota nyuma ya kibanda. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduliwa. Imekwanguliwa kwa kisu, hadi gundi.

Tryphena anayo chupa hiyo mpaka leo. Akiionyesha, sauti yake inashuka badala ya kupanda, na hapo ndipo mtu anajua kiasi cha hasira aliyo nayo.

"Angalia. Mtu alikaa chini akakwangua. Hiyo si kutojua. Asiyejua hawezi kukwangua. Ni dawa za steroidi, ziko kihalali, zina kazi yake, na daktari huzitoa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Ukimdunga mtu hivi kwa miaka, unamla mifupa, unampandisha sukari, unamtia ukungu machoni. Na hawezi hata kuziacha ghafla, ataanguka, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza ya kwake. Sasa atamwambia nini daktari wa kweli akiulizwa amedungwa nini? Hajui! Wamemnyima hata jina la kinachomuua."

Maandiko yanasema tupendane. Hayakusema tukwanguane majina ya sumu.

Tryphena hakumwambia Kavetsa aache mara moja. Alimpigia daktari wa ngozi aliyeko Mombasa, akamweleza, akamsindikiza Kavetsa hadi huko. Daktari alimpima, akapata sukari imeanza kupanda. Akampangia namna ya kushuka kutoka kwa dawa ya Festus polepole, na Tryphena ndiye aliyemshika mkono katika kushuka huko, wiki kwa wiki, akimpima presha, akimpigia simu, akimkaripia akiruka siku.

Kwa mwasho wenyewe, daktari alimwanzishia vidonge vya aleji vya kizazi kipya, visivyoleta usingizi kama vile vya zamani. Kimoja kwa siku hakikutosha. Vinaweza kuongezwa hadi vinne kwa amri ya daktari, na vikaongezwa. Nafuu ikaja nusu.

Ndipo daktari akaandika sindano. Hii si ile ya Festus. Ni dawa mpya, inayotengenezwa kwa chembe hai, inayozuia ule ujumbe wa uongo unaoamsha mabaka. Hudungwa chini ya ngozi kila baada ya wiki nne. Bei ya dozi moja inapita mshahara wa Kavetsa wa miezi miwili. Bima yake haikuilipia. Ndugu walichanga, akina mama wa kanisa wakauza maandazi, na kampuni ya dawa ikapunguza bei.

Na dawa hiyo ina masharti kama mtoto mchanga. Isipate joto, isigande, isitikiswe. Ikitoka kwenye friji ingoje ubaridi uishe wenyewe kabla ya kudungwa. Mgonjwa akishadungwa aketi aangaliwe, kwa maana kuna wachache ambao mwili huikataa kwa kishindo. Kazi yote hiyo, tangu Mombasa hadi mkononi mwa mgonjwa, ni ya mfamasia.

"Watu wanafikiri mimi nauza tu," anasema. "Daktari ameandika karatasi moja. Baada ya karatasi hiyo, ni mimi na mgonjwa na jua la Voi."

Kuna kazi nyingine aliyojipa. Alimrudishia Kavetsa vyakula. Kimoja kimoja, akiuliza kila juma. Alianza na maharagwe, akaja nyanya, akaja samaki. Yai alimchemshia mwenyewe dukani na kumsimamia akila, Kavetsa akitafuna kama anayekula kiapo.

Baada ya dozi ya pili, Kavetsa alilala usiku mzima bila sindano ya geti.

"Daisy aliniamsha akilia," anasema, na hapa anacheka mpaka anajifuta machozi. "Alidhani nimekufa! Hajawahi kuniona nimelala bila kujikuna."

Nyapara alimrudisha kwenye nyuzi, lakini kwa onyo. Akivimba tena, atatoka, na safari hii hata ufagio hatapewa.

Ndiyo maana asubuhi hii, Tryphena anapotoka ofisi ya vifurushi na kisanduku chake cha dawa iliyokufa, anapasua foleni bila kuaga. Alexander amemfuata hadi mlangoni akiomba msamaha.

"Dok, mimi nilisoma tu ilivyoandikwa!"

"Najua ulisoma," anamjibu. "Aliyeandika ndiye hakumaliza."

Na ni kweli. Juu ya kisanduku kuna maneno makubwa mekundu, WEKA BARIDI. Kwamba isigandishwe kumeandikwa kwa herufi za sisimizi, ndani, kwenye boksi la dawa. Anampigia msambazaji wa dawa aliyeko Mombasa, simu ikiwa kwenye spika.

"Mzigo ukishatoka kwetu, madam, si wetu tena," inajibu sauti ya msichana.

"Niliwaambia usafirishwe alfajiri ya leo. Mkautuma jana!"

"Basi la jana lilikuwa na nafasi."

Tryphena anakata simu. Anatembea hatua chache, anasimama, anasema neno moja la Kidawida ambalo gazeti haliwezi kuandika.

Saa nne Kavetsa anaingia. Amevaa blauzi ya Jumapili, kwa kuwa siku ya sindano kwake ni siku ya heshima. Shingoni, chini ya kola, mabaka mawili yameshachomoza. Mwili umehesabu wiki zake wenyewe.

Tryphena anamweleza bila kuzunguka.

Kavetsa anasikiliza hadi mwisho. Halafu anakunja mkono wa blauzi. "Nidunge hiyo hiyo."

"Siwezi."

"Nidunge, daktari. Itakuwa mimi na Mungu wangu."

"Mama Daisy, sijui imegeuka nini humu ndani, na wewe hujui. Huenda ni maji ya bei ghali. Huenda ni kitu kibaya kuliko maji."

"Watu wamechanga! Akina mama wamekaanga maandazi jua likiwaka. Nitasimama kanisani niwaambie nini? Kwamba imelala na kuku?"

"Uwaambie hivyo hivyo."

"Unanionea hasira mimi?"

"Nina hasira, ndiyo. Sio na wewe." Tryphena anazunguka kaunta. "Nampigia daktari sasa hivi. Tutarudisha vidonge viwe vinne. Utawashwa. Sitakudanganya kwamba hutawashwa. Lakini tutafika mpaka nipate nyingine."

"Na nyapara je? Atangoja nifike?" Kavetsa amesimama. Sauti yake imepanda hadi wateja wawili wanajifanya wanasoma bei za dawa za meno. "Festus hajawahi kuniambia hawezi. Hata siku moja."

Anatoka. Anapanda bodaboda ya kwanza iliyomjia.

Tryphena anasimama kidogo, mkono kwenye simu. Mtu angedhani atabaki, maana duka ni lake na wateja wapo. Badala yake anachukua funguo. "Nisameheni," anawaambia wateja, "narudi." Anashusha mlango wa chuma kwa kishindo ambacho kinamwamsha mlinzi wa duka la jirani.

Kibandani kwa Festus kuna pazia la maua, na nyuma yake kiti kimoja cha plastiki. Wanawake watatu wa kambi wameketi nje kwenye benchi wakingoja. Kavetsa tayari yuko kitini, mkono wazi. Festus ana sindano mkononi na chupa ndogo isiyo na karatasi.

"Aa, dada Tryphena!" anasema Festus, bila hofu yoyote. "Karibu. Leo umekuja kununua?"

"Taja jina la hiyo dawa."

"Ya mwasho."

"Hiyo ni kazi yake. Nimeuliza jina. Hata mbuzi ana jina."

Wanawake wa benchi wanacheka. Festus naye anacheka, na anawageukia kama anayehutubu. "Mnamwona mwenzenu? Amenishtaki kwa wakaguzi, wakaja, wakanifungia kibanda wiki moja. Nimefungua. Sasa amekuja mwenyewe. Dada, tuambiane ukweli. Wewe unauza barafu. Mimi nauza usingizi."

Kicheko kinapasuka tena, na kinauma, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Wanawake hawa hulala kwa sababu ya Festus. Hospitali iko mbali, daktari wa ngozi yuko mbali zaidi, na yeye yuko hapa getini kila siku ya Mungu na anakubali kukopesha.

Tryphena hamrukii kumpokonya chupa. Mikono yake anaiweka nyuma.

"Mama Daisy," anasema, "mkono ni wako. Sitaushika. Lakini muulize wewe."

Kavetsa anaangalia sindano. Anaangalia chupa.

"Festus," anasema, "inaitwaje?"

"Ai, Mama Daisy! Tangu lini?"

"Inaitwaje?"

"Nimekudunga miaka mingapi, umeniuliza?"

"Leo nimeuliza."

Festus anachoka na mchezo. Tabasamu linamtoka kwa mara ya kwanza, na maneno yanayotoka baada yake ni ya mtu aliyezoea watu wasiomjibu. "Jina litakusaidia nini wewe? Nikikuandikia, utalisoma?"

Hakuna anayecheka sasa. Wanawake wa benchi, ambao wengi wao waliachia shule darasa la tatu au la nne wakaenda kuchunga ng'ombe au watoto wa watu, wameinua vichwa.

Kavetsa anainuka kitini polepole.

"Mimi sijasoma sana," anasema. "Daisy anasoma. Niandikie nimpelekee alisome."

Festus haandiki.

Kavetsa anashusha mkono wa blauzi, anafunga kifungo chake, anapita kando ya pazia. Mwanamke mmoja wa benchi anainuka na kumfuata. Wawili wanabaki. Festus anavuta pazia, na mmoja wao anaingia.

Tryphena anaona hayo yote. Hajashinda, na anajua. Njiani kurudi mjini hasemi kitu hadi karibu na reli, ndipo anatuambia sisi tuliofuatana naye, bila kuulizwa, "Mmoja kati ya watatu. Na yule aliyeingia ni mjamzito. Mlimwona?"

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Daktari wa Mombasa aliamuru vidonge viongezwe hadi vinne kwa siku. Kavetsa alivimba jicho moja, kisha mdomo, kisha nyayo. Hakumficha nyapara. Alikwenda kwake na Tryphena, na Tryphena akamweleza nyapara, mbele ya karani wa shamba, kwamba vumbi la mkonge halina kosa na mama huyu akifukuzwa, yeye atafuata barua ya kufukuzwa hadi itakakofika. Nyapara akasema hakusema kufukuza. Alisema tu kushauri. Kavetsa bado anaanika nyuzi.

Kanisani aliwaambia akina mama wa maandazi ukweli wote. Walicheka kuhusu kuku mpaka mzee wa kanisa akagonga meza. Kisha wakapanga kukaanga tena.

Msambazaji, baada ya simu nyingi ambazo ni afadhali zisinukuliwe, amekubali kubeba nusu ya hasara. Tryphena ataifuata dozi mpya mwenyewe Mombasa Alhamisi hii, na atarudi nayo ameipakata. Alexander ameomba afundishwe, na ofisini kwake sasa kuna kadibodi iliyoandikwa kwa mkono wake: DAWA SI NYAMA. Mumbe naye ameambiwa akatae kisanduku chochote kisicho na manyoya.

Mfamasia huyu anazo habari za vidonge vipya vya ugonjwa huu, vya kumeza, ambavyo vimeanza kutumika nchi nyingine. Havihitaji friji wala sindano. Anaomba vifike Kenya, na vifike kwa bei ambayo mwanika nyuzi anaweza kuitamka.

"Siku hiyo nitamshukuru Mungu kwa magoti," anasema. "Lakini msinielewe vibaya. Hata hivyo vikifika, kuna mtu atavitoa kwa pakiti, avibandue jina, aviuze viwili viwili getini. Dawa mpya haimfukuzi mwizi wa zamani."

Kwa hivyo hangoji. Ameomba ruhusa kwa shamba, na ameipata kwa shingo upande. Siku ya mshahara, mwisho wa mwezi huu, wafanyakazi wakitoka, atasimama nje ya geti na meza yake na mashine ya kupima sukari, hatua chache kutoka kibanda cha Festus. Kavetsa amesema atasimama naye, na hatajifunika kola.

Je, hamwogopi Festus, mtu wa watu, mwenye kwaya nzima nyuma yake?

"Avute pazia lake akitaka," anasema Tryphena Mwandawiro. "Pazia ni kitambaa. Walio ndani watanisikia."